Celica ya Sokulu na Mikono ya Muyisa

Siku ya tatu, 9 Julai 2025

Hii sijaambia mutu hata mumoja. Hata rafiki yangu Katungu. Hata Mungu, sijamuambia wazi.

Ni mimi njo natengeneza gari ya Sokulu. Hapana Muyisa. Mimi Hulda, ile hawezi kusoma mustari ya Biblia mbele ya batu bila sauti kukatika.

Voilà. Nimeandika.

Gari ni Toyota Celica, ya 1974, rangi ya machungwa. Yaani chini ya vumbi ni ya machungwa. Sokulu Éliakim, baba ya papa, aliinunua wakati wa Zaïre, wakati kahawa ilikuwa inalisha Butembo muzima. Tangu afe, iko inalala mu dépôt, ghala yetu, nyuma ya magunia ya viazi yenye papa analetaka toka Lubero. Kuku walitaga ku kiti ya nyuma. Ile sura yake ya mbele, mataa mbili-mbili, iko kama mutu anataka kuuliza kitu na anaogopa. Nazani ni juu ya ile niliipenda. Naiitaka Céli.

Papa alituma yaya yangu Muyisa, kaka yangu mukubwa, juu yeye njo kijana wa kwanza: "Uangalie kama bado iko na uzima." Lakini Muyisa ni mutu wa guitare. Anasema mafuta inaharibu kucha. Donc anaikala juu ya gunia, anapiga nyimbo za chorale, anashika torche na meno. Mimi naingia chini. Papa anakohoaka mbele ya kufungua mulango – asante Mungu! Akikohoa tu, tunabadilishana: Muyisa chini ya gari, mimi juu ya gunia na guitare. Najua accord moja tu. Papa ananiambiaka: "Unaendelea vizuri, binti yangu."

Mwalimu wangu ni muzee mumoja wa Japani, mu vidéo ku téléphone ya Muyisa. Hasemake hata neno. Anaonyesha tu mikono. Ni mwalimu wa kwanza mwenye haniogopeshe.


Siku ya posho, 12 Julai

IMEWAKA!!!

Manyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo ndani ya carburateur. Nilisugua na brosse ya meno ya Muyisa (hajue). Nikarudisha yote. Nikaomba. Muyisa akageuza ufunguo – ikakohoa, ikatupa moshi nyeusi, kuku wakakimbia, kisha ikaanza kunguruma. Sauti ya chini, ya utaratibu. Kama mutu anafurahi na hataki kuonyesha.

Muyisa akacheza juu ya magunia. "Hulda! Hulda, weye ni muchawi!"

Kelele ya gari ilifanya tusisikie papa anakohoa. Papa akaingia. Mimi nilikuwa na mafuta mpaka ku viwiko, nikakamata guitare na zile mikono. Muyisa alikuwa safi, ananukia sabuni. Papa hakuona kitu. Aliweka mukono juu ya capot, mufuniko ya mbele, akabaki vile. Halafu machozi. Sijaonaka papa analia, hata ku maziko ya Sokulu. Akamukumbatia Muyisa. "Wasingya, mutoto wangu. Asante." Muyisa ananiangalia juu ya bega ya papa, macho makubwa, kama mbuzi imekamatwa ku barrière ya askari.

Hatukusema. Nani angeweza kusema, saa ile?


Siku ya Mungu, 20 Julai

Ni mbaya sana.

Leo ku kanisa, saa ya ushuhuda, papa alisimama. Papa! Mwenye anatoaka ushuhuda juu ya mvua na viazi tu. Alisema: baba yake alimuachia gari, gari ilikufa, na Mungu aliweka akili mu mikono ya kijana wake. Batu wakapiga vigelegele. Pasteur akamuita Muyisa mbele, akashika mikono yake yote mbili, akaiombea. Ile mikono! Yenye haijui bougie ni nini! Chorale ikaimba, mama mumoja wa kanisa, Mariette, akatikisa kitambaa.

Na mimi? Nilipiga makofi. Nilipiga kwa nguvu kupita bote. Mafuta ilikuwa bado chini ya kucha zangu.

Nakubali hapa, hapa tu: nilitaka ile makofi ikuwe yangu. Na nilishukuru Mungu sana kwamba haikuwa yangu, juu ningeanguka pale mbele. Vyote viwili, saa moja. Iko inawezekana?

Muyisa, ku njia ya kurudia, alijaribu. "Papa, kusema kweli, mimi siko fundi..." Papa akamuchekelea mama: "Unaona? Na bado anajishusha!"


Siku ya pili, 22 Julai

Papa mudogo Henri, ndugu ya papa, alipiga simu toka Beni. Yeye anasemaka kwa nguvu, bote tunasikia hata bila haut-parleur. Binti yake Bénite ataolewa siku ya posho, 2 Agosti. Habari ya gari imemufikia – Butembo na Beni, batu wa kanisa banajuana. "Mutoto wangu hataenda kanisani na jeep ya kukodisha! Atapanda gari ya baba yetu!" Papa: "Muyisa atailetea weye, siku moja mbele." Wakacheka bote mbili, wakaanza kumukumbuka Sokulu, vile alikuwa anapita na Celica polepole sana ili batu waone kofia yake.

Papa ana furaha mpaka nashindwa kumuangalia.

Lakini frein, ile ya kusimamisha gari. Sijagusa frein.


Siku ya tano, 25 Julai

Nimegusa frein.

Ukikanyaga mara ya kwanza, inashika. Mara ya pili, inashika nusu. Mara ya tatu, pédale inaenda mpaka chini, kama kukanyaga bugali. Nilifungua maître-cylindre, ile pompe inasukuma mafuta ya frein. Ile mupira ndogo ya ndani, coupelle, imekauka, imepasuka. Tulienda katikati ya muji kutafuta. Mwenye magazini aliangalia, akamuambia Muyisa (mimi hapana, mimi nilikuwa nyuma): "Ndugu, hii gari ilizeeka mbele mimi nizaliwe! Kipande yake inatoka Kampala. Ngoja mwezi."

Mu lupango, ndani ya ua yetu, ile frein inatosha. Lakini kushuka Beni! Materemuko, makamyo ya mbao, ya kakao, pikipiki zinapita kila upande, batoto wanauza ndizi kando ya njia kule Maboya.

Nilimueleza Muyisa yote. Kwake sauti yangu haikatikake. "Nitashuka na première, gia ya kwanza tu," anasema, "polepole, naimba wimbo ya mazishi, batu watatoka wenyewe mu njia." Nikacheka. Kisha yeye hakucheka tena. "Hulda, uambie papa."

"Weye uambie."

"Mimi nilimuambia! Nilisema frein siijue. Alinijibu fundi wa kweli hajisifu."


Siku ya tatu, 30 Julai

Jioni, ku meza. Nilikuwa nimejizoeza siku muzima mbele ya Céli. Kwake nilisema bila shida: Papa, frein imekufa, Muyisa asiende, najua juu ni mimi natengeneza. Rahisi! Céli alisikiliza na mataa yake yote ine.

Nikafungua kinywa. "Papa. Gari..."

Wote wakaacha kula. Papa, mama, Muyisa. Muyisa alikuwa ananiombea na macho, naona.

"Gari inafanya nini, mama yangu?" Papa ananiitaka hivyo juu niko na jina ya mama yake. Alisema na upendo sana. Ile upendo njo iliniua.

"Gari... ni muzuri."

"Eeeh!" Papa akapiga meza. "Hata Hulda amesema!"

Nililia ndani ya Céli, ku kiti ya chauffeur. Ananukia viazi na ngozi ya zamani.


Siku ya ine, 31 Julai

Mama alifunga utepe nyeupe ku mataa. Papa mwenyewe alipangusa chromes, vile vyuma vya kungaa, na suruali yake ya zamani. Alinionyesha alama ku kiti, pale kiwiko ya Sokulu ilikuwa inaikala. Machungwa inawaka mpaka jirani wanakuja kupiga picha.

Mchana, bakiwa ku maombi, nilifungua capot. Mu allumeur muko kadude kadogo kanazunguka, kanagawa moto ku bougies zote ine, zile zinawasha moteur. Wafundi banakaita doigt, kidole. Bila kale, démarreur, ile ya kuwasha gari, itazunguka mpaka batterie ikufe, gari haiwake. Na hakuna mutu ataona kitu kinakosekana, juu kanafunikwa. Nilikatoa. Nikafunga kofia yake vizuri.

Céli, unisamehe. Mara ya kwanza nakunyanganya kitu pahali ya kukupa.

Muyisa sikumuambia. Ningemuambia, angecheka, na papa angejua mu uso yake. Najua nitamuaibisha kesho, mbele ya batu wenye walimupigia makofi. Lakini yaya mwenye haya ni bora kuliko yaya mwenye... siandike ile neno.


Siku ya tano, 1 Agosti, asubuhi

Niko mu chumba. Nimesema kichwa inaniuma. Dirisha iko wazi, nasikia yote.

Jirani wamejaa mu lupango. Papa ameomba. Amina kubwa. Muyisa amepanda.

Démarreur. Rrr-rrr-rrr. Hapana.

Tena. Hapana.

Mutu mumoja anasema labda essence imeisha. Mama anasema labda baridi. Papa anacheka, hana hata wasiwasi: "Musiogope. Fundi njo huyu. Fungua capot, mutoto wangu."

Capot imefunguka, najua ile kelele yake. Nazani sasa Muyisa anaangalia moteur kama anaangalia muji yenye hajaonaka. Ee Mungu. Maskini yaya yangu!

Papa: "Basi?"

Muyisa anasema kitu chini-chini. Papa: "Sema kwa nguvu."

"Papa, mimi nilikuwa nashika torche tu."

Mutu anacheka. Anaacha.

"Torche ya nani?"



"Ya Hulda," Muyisa anasema. "Yote ni Hulda. Manyigu, carburateur, yote. Hata ile siku ulilia. Na kama leo haiwake, papa, ni juu Hulda hataki iwake. Na mimi nazani najua sababu."

Nasikia capot inashushwa, polepole, kama mutu anafunika mutoto.

Sasa ni viatu. Viatu ya ndoa ya papa, soli ngumu, juu ya saruji. Vimepita jikoni. Mama anamuambia papa "Luc, polepole," lakini viatu haviko mbio. Viko vya mutu anafikiri.

Doigt iko mu mukono yangu ya kushoto. Imepata moto.

Amefika ku mulango. Hajafungua. Anakohoa – mu nyumba yake mwenyewe, ku chumba ya binti yake, anakohoa, na anangoja. Naficha hii daftari chini ya blanketi, na nasema kwa nguvu: "Hodi yako nimesikia, papa. Ingia."