Mnara Ulioitwa Mtambo wa Gongo

Simbo,
Kigoma.
14 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Feliksi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dar es Salaam, wewe, Mama Shukrani na mtoto. Sisi hatujambo. Mama amepona malaria, mvua zimekatika, na michikichi imezaa vizuri mwaka huu. Nimetanguliza salamu kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Yanayofuata si matamu.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu unacheka. Karatasi huwezi kuikatiza.

Unakumbuka Krismasi? Ulikaa jikoni kwetu ukachora sakafuni, kwa kipande cha mkaa, mnara wa kiwandani kwenu. Ulisema viwanda vingine hupika dawa kwenye chombo kimoja, kisha huipeleka kwenye chombo cha pili kuitenganisha, lakini mnara wenu hufanya kazi zote mbili palepale. Asidi inashuka kutoka juu, mvuke wa spiriti unapanda kutoka chini, vinakutana katikati penye kichocheo, na kile kinachozaliwa, kwa kuwa ni chepesi, kinapanda na kutokea juu.

Nilikuuliza kwa nini msisubiri kila kitu kiive kwanza. Ukajibu kwamba kilichozaliwa kikiachwa kikae na maji yaliyozaliwa pamoja nacho, kinaanza kurudi kilikotoka. Nikaelewa hapohapo, nikakuambia ni kama Mama. Anapochemsha mawese hasubiri moto uzime. Anaengua mafuta kadiri yanavyopanda. Ukapiga makofi ukamwambia Mama, "Dada, huyu atanipokonya kazi." Maneno hayo nilikaa nayo miezi mitano.

Ndipo nikajenga mnara wangu. Bomba la chuma lenye kimo changu, ndani nimejaza kokoto nilizookota ziwani Ujiji na kuzichemsha mara tatu, juu nimeweka kipozeo nilichotengeneza kwa debe. Mwalimu Dainess, anayetufundisha kemia, alikubali tutie dawa zenyewe maabara, mbele yake. Hapa nyumbani nilikuwa najaribu kwa maji matupu, nione kama mvuke unapanda sawasawa. Ulipanda. Mama akafurahi, akapiga picha, akaituma kwenye kundi letu la familia.

Na wewe ukaandika: "Hongera Simbo! Mpwa wangu kafungua mtambo wa gongo."

Mjomba, Baba ni mzee wa kanisa. Hilo unalijua. Asubuhi yake Baba akaja uani pamoja na jirani yetu Mzee Thobias, ambaye hata salamu ya "mwakeye" hakutupa. Mzee Thobias alikinga kikombe chini ya kipozeo, akanywa, akatulia kama anayesali.

"Hii bado mbichi," akasema.

"Mzee, ni maji," nikamwambia.

"Ndiyo maana nasema mbichi."

Baba akaenda kuchukua shoka. Hakunipiga mimi, aliupiga mnara. Kipozeo kikapasuka, kokoto zikatawanyika uani, kuku wakaja kuzidonoa.

Mama alikupigia simu jioni ileile, mbele ya Baba, simu ikiwa kwenye spika, ili uuseme ukweli. Wewe ukasema, "Mwambieni aniwekee chupa moja!" Ukacheka, ukakata. Baba akasema, "Feliksi ndiye anayekula mkate wa minara hiyo. Kama yeye ameuita gongo, mwalimu wa hapa atanifundisha nini?"

Hapo ndipo ninapokukasirikia, na sitaki kuficha. Mzee Thobias hajui. Baba hajui. Wao wakikosea, nawasamehe. Wewe unajua. Wewe ndiye uliyenichorea. Katika ukoo mzima hakuna mwingine awezaye kuitazama picha ile akatambua kila bomba na kazi yake, na mtu huyo mmoja ndiye aliyechagua kuchekesha watu. Ungekuwa hukuielewa picha, ningelia kidogo na kusahau. Uliielewa.

Sasa kisimani wasichana wananiita Mama Pima, kama wauza gongo. Jana mmoja alinipa kikombe akauliza, "Mama Pima, leo nusu bei gani?" Nilijaza ndoo yangu nikaondoka zangu. Nilijiona nina adabu, lakini njiani maji yalimwagika yote kwa jinsi nilivyotembea kwa hasira.

Mashindano ya sayansi ni Ijumaa, tarehe 27, Kigoma mjini. Fomu inataka sahihi ya mzazi, na Mwalimu Dainess anaisubiri mpaka Jumatatu ya tarehe 23. Mwalimu mwenyewe alikuja nyumbani. Baba alimkaribisha, akampa ndizi, akamsikiliza, akakataa. Amesema atatia sahihi siku atakaposikia kwa kinywa chako kwamba ule si mtambo wa gongo. Kwa kinywa chako, Mjomba. Umeona ulivyonifunga?

Bomba halikuvunjika. Mama aliokota kokoto moja moja akazificha kwenye ndoo nyuma ya magunia ya mise, zile kokwa za chikichi. Nimepata debe jingine, na kipozeo cha sasa ni kizuri kuliko cha kwanza, kwa sababu safari hii najua pale kilipokuwa kinavuja. Kila kitu kiko tayari isipokuwa neno lako.

Mpigie Baba, usimpigie Mama. Ukimaliza, andika kwenye kundi lilelile ulimotania, wasome walewale waliocheka.

Mama anakusalimu, ingawa hajaacha kununa. Nisalimie Mama Shukrani na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Mungu akulinde kazini, kwenye ngazi ndefu za mnara wenu, maana bado nina maswali mengi ya kukuuliza.

Barua hii inaletwa na Esther, binti wa Mzee Thobias, anayepanda basi kesho. Pamoja nayo atakupa kichupa. Ni maji yaliyotoka kwenye mnara wangu kabla ya shoka. Ulisema nikuwekee chupa moja, nami nimekuwekea. Onja, halafu mpigie Baba.

Mpwa wako, ambaye leo anakupenda kwa shida,

Scola Faustini