Masuke ya Wimbi kwa Chiriku wa Babu

Mjukuu wangu Achieng,

Huku Nyamasaria tu wazima, na babu yako amemaliza kuvuna njugu. Chakula cha chiriku wako nunua kwa mkulima wa karibu, na utafune punje kwanza.

Nilipoolewa, miaka ya themanini, nilimpenda babu yako pamoja na chiriku wake, ndege aliowafuga. Niliwanunulia mtama wa rangi ya waridi dukani, nisijue ni mbegu ya kupanda iliyotiwa dawa ya wadudu. Chiriku mmoja akafa. Nikafunga nguo zangu, nikidhani babu yako atanirudisha kwetu.

Akauliza tu, ile mbegu ikiwa mkononi mwake, "Atieno, wewe unaweza kula hiyo?"

Akanipeleka kwa shangazi yake kuvuna wimbi. Babu yako alitafuna punje, akanitia nyingine mdomoni.

Shangazi alipoona ananilisha kama ndege, akacheka na kumuuliza, "Bwana, ndege wako sasa ni wangapi?"

Hapo nikajua sirudi kwetu.

Nyanya yako,
Atieno