Nilivyolala Kati ya Mara ya Pili na Mara ya Tatu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naongeza na shikamoo nyingine ya akiba, maana najua ya kwanza hutaiitikia, umeninunia. Goti linaendeleaje? Na yule jirani anayemwaga maji machafu mlangoni kwako, mmepatana au bado mnasalimiana kwa pembe ya mdomo? Mimi ni mzima. Nasema mzima kabisa: nakula, nalala, naoga bila kukumbushwa.

Nakuandikia kwa sababu simu haitufai. Nikianza sentensi, wewe umeshaimalizia kwa kilio. Jana ulisema Mjomba amekuambia kwamba nililewa kazini nikazimia, kwamba ule ugonjwa umerudi, na kwamba Jumapili unakuja kufunga virago vyangu unirudishe nyumbani. Mama, tafadhali. Mjomba hakuwepo. Mjomba aliambiwa na mtu ambaye naye hakuwepo. Hebu kaa chini, vaa miwani, unisome mpaka mwisho ndipo uamue.

Kazi yangu unaijua. Bosi anauza samani kuukuu kwa mnada, na mimi ndiye mdomo wake. Napanda jukwaani na nyundo ya mbao, naisifia meza iliyovunjika mguu mpaka watu waione imekatwa makusudi. Bei ikisimama naita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, nagonga, imeuzwa. Jumamosi iliyopita ulikuwa mnada wa vyombo vya hoteli iliyofungwa, na bosi alikuwa ameniahidi kwamba nikiuendesha vizuri nitakuwa mnadi wake mkuu. Wiki nzima nilikuwa nakinadi kiti changu mwenyewe mbele ya kioo.

Dawa yangu ya usiku, ile inayozizuia zile sauti, niliimeza kama kawaida. Sijawahi kuiruka, na zile sauti sijazisikia tangu nihamie huku. Ila asubuhi ya mnada nilivaa shati ndani nje mara mbili, nikaongeza vidonge viwili vya kuondoa wasiwasi ambavyo sikuandikiwa na daktari yeyote. Vilitoka wapi nitakuambia, usinikimbize. Hesabu yangu ilikuwa hivi: huyu anatuliza kichwa, huyu anatuliza moyo, wakikutana nitakuwa mtulivu pande zote. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu siku ile zilikuwa zimenyolewa.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Niliuza vitanda, niliuza vioo, watu wakacheka pale nilipotaka wacheke. Kisha likaletwa kabati moja la nguo, lina mlango mmoja, na upande mmoja limeegemezwa kwenye tofali. Waliolitaka walikuwa wawili tu, mama mwenye nyumba ya wageni na mwalimu mkuu mstaafu. Bei ikasimama. Nikaita mara ya kwanza. Nikaita mara ya pili. Mama, ya tatu haikuja. Nilikuwa nimesimama, macho wazi, nyundo juu, na nimelala fofofo.

Haya mengine nimesimuliwa. Ukumbi mzima ulinyamaza ukiingojea mara ya tatu. Mama mwenye nyumba ya wageni alidhani nimeona kitu ndani ya lile kabati ambacho yeye hakukiona, akaongeza bei. Mwalimu akaona akishindwa na mwanamke mbele za watu heshima yake imekwisha, akaongeza naye. Wakapandishiana hivyo kwa muda, mimi nimekodoa macho kama samaki wa dukani, na bosi huko nyuma anawanong'oneza wafanyakazi kwamba huo ndio uzoefu, watazame wajifunze. Mwisho mkono ulichoka, nyundo ikaanguka yenyewe, ko! Lile kabati la tofali likanunuliwa na mwalimu kwa bei ya jipya. Watu walipiga makofi.

Makofi yakanizindua. Nikashuka jukwaani nishukuru, dunia ikapinduka, nikaangukia kochi. Na kochi lenyewe lilikuwa limeshauzwa, la yule yule mama mwenye nyumba ya wageni. Wapagazi wake walikuja kulichukua wakanikuta nimelala juu yake. Walijaribu kuniamsha, wapi! Mmoja akasema mwenye kochi amewaambia wabebe kochi, hakusema wamshushe mtu, basi wakanibeba na kochi mpaka kwenye pikapu.

Bosi alipoona mnadi wake anaondoka na bidhaa alikimbia mbio. Akanipiga makofi ya shavu, nikaguna tu, na pumzi nilikuwa naivuta kwa uvivu. Hapo kicheko kilikwisha. Pikapu ikageuzwa hospitali. Nesi wa mapokezi aliuliza mgonjwa ni nani na samani ni ya nani, na mama mwenye kochi akajibu kwamba yote mawili wayatazame haraka, ila kochi ni lake.

Nilipozinduka daktari, dada mmoja asiye na mzaha, aliniuliza nimemeza nini. Nikasema sijameza kitu. Akasema presha yangu imeshuka kiasi kwamba nikisimama tena nitaibusu sakafu, na nikidanganya tena atapotea njia katika kunitibu. Nikamwambia. Aliniwakia, Mama, mpaka wa kitanda cha pili akajifunika shuka. Akanieleza kwamba kila moja ya dawa zile inaupunguzia mwendo ubongo kwa njia yake, na zikipanda pamoja usingizi unakuwa mzito, presha inashuka mtu anapoinuka, na kupumua kwenyewe kunaweza kulegea; na kama ningekuwa nimegusa pombe, pengine tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Alisema wapo wagonjwa wanaoandikiwa zote mbili, lakini wanaandikiwa kwa kipimo na wanaangaliwa, hawajiandikii wenyewe mbele ya kioo. Kwa hiyo, Mama, ugonjwa haukurudi. Uliorudi ni ujinga, na huo hauna kliniki.

Jumatatu bosi alinipokea kwa shangwe. Alikuwa amenitengenezea kibao cha kuegemea jukwaani ili nikilala nisianguke, maana aliona ule mtindo una faida. Ikanibidi nimwambie ukweli wote: ugonjwa wangu, dawa yangu ya kila usiku, na zile mbili za asubuhi. Alikiweka chini kile kibao, akasema kwamba mlevi angemfukuza papo hapo, lakini mtu anayemeza dawa yake kwa wakati anamshinda mzima anayefika kazini saa nne. Kisha akaniondoa jukwaani. Sasa nabandika namba kwenye viti mpaka daktari aniandikie kwamba nafaa, na amesema wazi kuwa nikiondoka kabla ya hapo, nafasi ataijaza. Ndiyo sababu nakusihi usije kunichukua. Nikirudi nyumbani sasa, sitapewa tena jukwaa na mtu yeyote, na wewe utarudi kuwa mlinzi wangu.

Sasa vile vidonge. Ni vyako, Mama. Ulipokuja kunitembelea ukanituma mkobani nikuletee miwani, niliiona chupa. Nimekaa kliniki vya kutosha, nikaitambua. Nikachukua viwili nikavificha, nikijiambia kitu cha mama hakiwezi kumdhuru mwana. Nisamehe kwa kuiba.

Lakini si wizi unaoninyima raha. Ni kwamba sikujua unavimeza. Kwa ndugu zangu wote unasema unalala kama mtoto, kumbe usingizi wako unatoka chupani, na najua nani aliyeuchukua ule wa asili. Nilipokuwa naumwa ulikuwa unasimama nje ya mlango wangu, pekupeku, kunisikiliza kama naongea peke yangu. Nilikuwa najifanya nimelala ili ukapumzike. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema. Mimi wa mzazi wangu nimeujulia kitandani hospitali, na nimelia, Mama, si kwa kuumwa.

Nilimweleza daktari habari zako bila kumtajia jina. Alisema usiviache ghafla kwa hasira baada ya kusoma barua hii, kuviacha ghafla nako kuna hatari yake. Uonane na daktari wako akupunguzie taratibu, au akuambie uendelee. Kwa hiyo Jumapili njoo, lakini uje na chupa, usije na kamba za mizigo. Jumatatu tutaingia kliniki pamoja, kila mtu na dawa yake mkononi. Kitanda nakuachia wewe, mimi nitatandika chini. Ningekuahidi kukesha nikulinde, ila dawa yangu ya usiku hairuhusu. Basi na wewe usisimame mlangoni. Tulale wote.

Nisalimie ndugu zangu, na jirani pia kama mmepatana. Mjomba msalimie, lakini usimwambie kitu.

Ni mimi mwanao, kitindamimba wako