Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka saa kumi na moja. Tone moja kila jicho, kufumba dakika mbili, kunyoosha magoti, chai. Saa moja kamili nilikuwa shuleni Nyegezi. Wiki ya pili ya ajira mpya. Nina miaka sitini na tatu na naitwa mwalimu mgeni.

Ratiba imetoka. Alhamisi asubuhi nina maabara ya biolojia, vipindi viwili. Kliniki ya presha ya macho ni Alhamisi asubuhi tu. Karate ninayofundisha pale Mkolani ni Jumanne na Alhamisi jioni, na Jumamosi. Kitu kimoja kitabaki nje. Najua ni kipi.

Alhamisi, 6 Machi

Sikwenda kliniki. Sikuomba ruhusa. Mkuu wa shule nilimfundisha mwenyewe, akiwa na kaptula. Kumwambia leo, ndani ya miezi mitatu ya majaribio, kwamba macho yangu yanaharibika? Siwezi.

Ugonjwa wenyewe ni rahisi kuueleza. Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka muda wote. Njia ya kutokea ikiziba, presha hupanda na kuua mshipa wa fahamu kidogo kidogo, mara nyingi kuanzia pembeni. Haiumi. Wala mgonjwa haoni giza, kwa sababu ubongo huziba pengo kwa kukisia. Anaamini anaona kila kitu. Kilichokufa hakirudi. Matone huzuia tu, na bila kupimwa hakuna ajuaye kama yanazuia.

Nimeandika "mgonjwa", kana kwamba ni mtu mwingine.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempita Kabula mlangoni mwa ukumbi wa karate. Alikuwa amepiga goti kuniamkia, kama alivyolelewa kwao, upande wangu wa kushoto. Ukumbi ulikuwa na kelele, sikumsikia. Sikumwona kabisa. Nilijua baada ya Musa, msaidizi wangu, kusema kwa sauti, "Mwalimu kapata ajira, shikamoo zetu hazimtoshi tena." Wakacheka. Nami nikacheka. Kabula hakucheka.

Ana miaka kumi na tisa na mkanda wa kahawia. Mtihani wa mkanda mweusi ni mwezi ujao. Nimemfundisha tangu akiwa darasa la tatu. Ningemweleza. Badala yake niliagiza pushapu thelathini.

Alhamisi, 13 Machi

Muuguzi wa kliniki kapiga simu wakati wa mapumziko. "Shikamoo mzee wangu. Wiki iliyopita hukuja, na leo hatujakuona." Nikamwambia niko Sengerema msibani, nimefiwa na shemeji. Nina shemeji mmoja tu, yuko Bukoba, mzima kabisa. "Pole sana baba. Basi ukivuka ziwa kurudi tu, uje." Chaki ilikuwa bado mkononi.

Jioni mazoezi. Musa alikwepa teke langu lililomkaribia mno, akaniuliza kama nimechoka. Nikasema joto.

Jumamosi, 15 Machi

Nimempiga Kabula.

Niandike kwa utaratibu. Katika mazoezi ya wawili ngumi haifiki. Inasimama upana wa kidole mbele ya uso. Anayepigiwa hafumbi macho, kwa sababu anamwamini anayepiga. Hilo ndilo somo lenyewe, ngumi ni nyongeza. Anayepima ule upana ni jicho.

Nilikuwa naonyesha namna ya kugeuka. Musa mbele yangu, Kabula azunguke kushoto. Akazunguka vizuri, kimya, kama nilivyomfundisha. Nikageuka na ngumi ya kushoto kwa nguvu yote, maana pale palikuwa wazi. Hapakuwa wazi. Jicho lake la kulia. Hakulifumba.

Mama yake alikuja hospitali moja kwa moja kutoka kwenye dagaa zake, kanga ina magamba. Akaniamkia. "Ni ajali, Mwalimu. Usijitese, si ndiyo mchezo wenu?"

Nikamshukuru. Musa alikuwa akiniangalia.

Jumatatu, 17 Machi

Daktari anasema damu imejaa ndani ya jicho na retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, imechanika. Watajaribu.

Nilikuwa nimekaa na mama Kabula koridoni. Akapita muuguzi yule yule, akasimama. "Mzee, umeshavuka? Pole na msiba. Safari hii usikose kuja Alhamisi. Jicho lile la kushoto tulikuambia siyo la kuchezea."

Mama Kabula akauliza msiba gani. Nikamwambia hakuna msiba. Kisha nikamwambia yote, kliniki, shule, mlangoni Jumamosi ile. Nilieleza vizuri. Nimezoea kueleza. Hata maji ya jicho nilimweleza, mpaka nikaionea aibu sauti yangu.

Alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo ulikuwa unajua," akasema. Akainuka, akaenda kukaa benchi la mbali.

Jumatano, 19 Machi

Funguo za ukumbi nimempa Musa. Amezipokea kwa mikono miwili. Mkuu wa shule nimemwambia. Hakukasirika. Amenipa Alhamisi zote. Lilikuwa jambo la dakika tano.

Alhamisi, 27 Machi

Kliniki. Kidevu kwenye mashine, kubonyeza kila nikiona taa. Kushoto taa hazikuja kwa muda mrefu. Nikadhani mashine imezimwa.

Nilipotoka nikakaa benchini kungoja majibu. Kabula aliletwa na mama yake, bandeji jicho la kulia. Daktari amewaambia ataona mwanga tu kwa jicho hilo, siyo zaidi. Mama yake hakunisalimia. Hajanisalimia tangu siku ile.

Kabula alikuja mpaka karibu, upande wa kushoto, akasita. Akarudi nyuma, akazunguka benchi lote, akanijia kulia. Akapiga goti. Nilimwona tangu anaanza kuinama.

Nikaitika.

Akakaa pale pale, kulia kwangu. Tukangoja kuitwa.