Mikono Mia Nne ya Kushoto

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi sana. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na ile baridi imepungua au bado unalala na soksi mbili? Sisi huku wazima. Mama hajambo, ila jino moja linamsumbua, na wala halimzuii kusema. Barua yako niliipata Alhamisi, nimeisoma mara tatu. Nakujibu nikiwa na hasira, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Umeniuliza nimezoeaje tangu nirudi kutoka huko uliko. Sijazoea. Miezi saba sasa, na kila nikifungua mdomo naambiwa nimeleta mambo ya majuu. Nikiwahi kazini, majuu. Nikipiga chafya, majuu. Pale karakana ya sare hata jina langu limekufa. Wananiita Majuu, na mafundi wapya wanadhani ndilo nililopewa na wazazi.

Ile taa nyekundu ya kusimamisha kazi ukiona kosa, iliyo juu ya cherehani yako huko kiwandani, pengine umeshaizoea. Mimi niliiwasha mara ya kwanza baada ya kuona kola imekatwa fupi. Mstari mzima wa washonaji ukasimama. Nikajua leo nafukuzwa. Msimamizi akaja mbio, akaitazama ile kola, akaniambia asante. Nilikwenda chooni nikalia. Nilikuwa nimeshona miaka kumi na mmoja na hakuna aliyewahi kunishukuru kwa kuona kosa. Siku ile nilijiapia kwamba nisiporudi nyumbani na kitu kingine chochote, hiki cha kusema kosa nikiliona nitarudi nacho.

Sasa nikiri na langu, maana nilikianzia pabaya. Wiki ya kwanza tu nilimwambia wifi, mbele ya wageni wake, kwamba pazia la sebuleni limepinda. Limepinda kweli, lakini nani aliniuliza? Tulinuniana mwezi mzima na mkosaji ni mimi. Hapo nimekubali.

Lakini hili la kazini silikubali hata kidogo. Jumanne tulipewa kushona makoti mia mbili ya shule. Nikashika mkono wa kwanza wa koti, wa kushoto. Nikashika wa pili, wa kushoto. Nikapekua fungu zima. Mkataji alisahau kuigeuza karatasi ya kipimo ili apate na mkono wa kulia, akakata mikono mia nne yote ya kushoto, wa kulia hata wa dawa hakuna.

Nikasimamisha cherehani, nikanyanyua mkono wangu, kwa kuwa huku taa hatuna, nikamwita msimamizi wetu, yule tunayemwita Chapchap. Hakukitazama hata kitambaa. “We Majuu, kaa chini ushone. Huku siyo huko.” Watu wakacheka. Na huyo mkataji, kama ulikuwa hujui, ni shemeji yake. Basi nikakaa, nikashona. Nilishona siku tatu huku nikijichukia.

Ijumaa akaja mwalimu kuchukua sare. Mwembamba yule, akajaribu koti moja la wanafunzi wakubwa, na mkono wa kulia ukamvuta nyuma kama mtu anayejikuna mgongo. Ungemwona Chapchap! Bila haya akasema washonaji tumepachika ovyo kwa sababu Majuu alisimamisha kazi akavuruga wenzake. Mimi! Mimi niliyemwambia kwa kinywa changu! Jioni akanipa barua ya onyo: Jumatatu niombe radhi mbele ya wote, la sivyo nibaki nyumbani kwetu.

Hata hilo silo lililoniuma zaidi. Jana tuliitwa kufumua ile mikono. Tukiwa katikati ya kazi, Bibi Matundu, yule mama mtu mzima anayeshona matundu ya vifungo, akaniambia taratibu bila kuinua macho: “Mimi niliiona tangu inatoka mezani kwa mkataji.” Fundi wa pembeni yangu akasema, “Hata mimi.” Na mwenzake naye. Tuko kumi na wanane pale, na kila mmoja alikuwa ameona!

“Sasa mlikuwa mnacheka nini?” nikawauliza. Wakarudi kwenye mikasi yao.

Nimewaka mpaka leo. Na sehemu kubwa najiwakia mwenyewe, maana miezi saba nimetembea pale nikidhani mimi ndiye niliyerudi na macho na wenzangu hawaoni. Ujinga gani huo! Bibi Matundu anaona uzi uliolegea akiwa mlangoni. Macho wanayo, tena kunishinda. Walichonyimwa ni mtu wa kuwaambia asante, wakafokewa miaka mpaka wakadhani kunyamaza ndiyo adabu. Na mimi Jumanne, pamoja na majuu yangu yote, nilikaa chini kama wao.

Mjomba amekuja asubuhi na kauli yake: “We omba radhi tu yaishe.” Yaishe nini? Mama yeye amelipiga pasi gauni langu la kazini kwa nguvu mpaka nimelionea huruma.

Umeandika kwamba nafasi yangu huko bado ipo, nikitaka utanisemea. Asante, mdogo wangu, lakini usinisemee. Huko hawamhitaji mtu kama mimi. Kesho nakwenda kazini, na radhi siombi. Nitasimama niseme nilichokiona na siku niliyokiona. Naogopa, sikufichi. Nyumba hii yote inategemea kazi ile na unajua.

Muda mfupi kabla sijashika kalamu, Bibi Matundu alibisha hodi. Hajawahi kufika kwetu. Nilijua tu ametumwa na Chapchap kunibembeleza niombe radhi. Akasalimiana na Mama, akanywa maji, halafu akasema: “Kesho ukisimama, usianze kusema upesi. Nisubiri. Magoti yangu yanachelewa.”

Msalimie sana shemeji, na wanao wabane mashavu kwa niaba yangu. Wifi anakusalimu, Mjomba pia, ingawa hajui nilichoandika. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na kesho asubuhi ukiamka utuombee. Tuko wawili.

Ni mimi nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Dada yako mkubwa