Namba za Leokadia

Kaka Severini,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta hapo Kiseke umeshatoka kiwanda cha minofu ya samaki, umekaa, umekula. Mimi afya ninayo. Baridi ya huku Ujerumani imenipasua midomo, lakini hilo si la kukuandikia. Mama anaendeleaje na miguu yake?

Jumapili kanisani nilikutana na bwana mmoja wa Kisesa, amekuja kusoma. Tukasalimiana kwa Kisukuma, nikafurahi kweli. Akanishika mkono akasema, "Pole sana na msiba wa dada." Nikamjibu, "Nimeshapoa," kwa mazoea tu. Halafu ndipo nikamuuliza, "Msiba gani?"

Miezi mitano, kaka! Leokadia yuko kaburini miezi mitano, naambiwa na mtu baki nimeshika kitabu cha nyimbo. Na wewe ndani ya miezi hiyo umeniletea barua nne: "Dada Leo anakusalimu, sukari yake imetulia."

Najua utasema nini. Mtu aliye mbali haambiwi msiba, ataumia peke yake, nani atamshika. Ndivyo tulivyomfanyia baba mdogo alipokuwa jeshini, na mimi nilikuwa mmoja wa walioficha. Haya, sawa. Lakini zile namba?

Unajua ninachofanya huku. Karakana yetu inatengeneza saa ya mkononi itakayompigia kelele mgonjwa wa kisukari pale sukari inaposhuka, kabla hajazimia. Inapima jasho na ubaridi wa ngozi. Shida ni kwamba mtu wa Mwanza anatoka jasho hata akichambua mchele, saa ingelia kutwa. Ndiyo maana niliwatumia karatasi za kupimia damu, nikaomba Leo akutajie, wewe uniandikie: siku hiyo sukari ngapi, jasho lipo au halipo. Saa hii niliianza kwa ajili yake. Karakana nzima wanalijua jina lake.

Wewe ukaendelea kumpima marehemu. Jasho kila siku, sukari nzuri kila siku! Tukaamini kwamba jasho peke yake si la kuogopa, tukaifanya saa iwe nzito kulia. Alhamisi tuliwajaribia wagonjwa, daktari akiwa pembeni. Mwalimu mmoja wa kike akalowa jasho, macho yakamgeuka, saa kimya. Nesi ndiye aliyemwahi kwa sindano ya sukari. Bosi akaniuliza, "Namba za dada yako zina uhakika?" Nikaapa, kaka. Nikamwambia kwetu hatusemi uongo. Jumapili ndiyo nikapewa pole.

Jumatatu nilimweleza bosi ukweli, nimesimama mbele ya wenzangu wote. Amezifuta namba zote, hata zile Leo alizojitoboa kidole kuzipata, kwa sababu aliyebuni za miezi mitano huenda alibuni na za kabla yake. Nimekuchukia, na sioni aibu kuliandika.

Sasa nisikilize. Usinijibu kwamba alilala salama, kwamba ni mapenzi ya Mungu. Yule bwana wa Kisesa ameniambia sukari ilimshuka, na wewe ulikuwepo. Alianza kutoka jasho saa ngapi? Alitetemeka? Aliropoka mkadhani ni malaria? Ilipita muda gani hadi akanyamaza? Mlimpa chai yenye sukari, au mlimnyima kwa kuwa ana kisukari? Kama mlimnyima, andika mlimnyima. Kama uliogopa ukatoka nje, andika ulitoka nje. Karatasi ikilowa machozi, chukua nyingine uanze upya, maana nataka isomeke. Kuna watu wataivaa saa hii.

Mama mpe shikamoo yangu, mwambie simlaumu. Shemeji yetu wa Mkolani, mume wa Leo, mpe pole yangu iliyochelewa. Wapwa zangu wawili waambie mjomba amejua, wasijilazimishe tena kunitumia salamu za mama yao.

Wewe nitakusalimu tena ukishanijibu.

Mdogo wako,
Deogratias