Omena ya Kusaga

Malaba, Alhamisi

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu nikiwa mzima wa mwili, ila moyo hauko mahali pake. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyotuma ilifika? Na maji ya mfereji yamerudi kwenye migomba, au bado mnagombania zamu na wale wa juu? Huku mume wangu Mwakio yuko salama, bado anashinda kwenye foleni ya malori na karatasi zake za mizigo.

Ningekupigia simu, lakini ungesikia sauti yangu tu ungejua, na presha ingepanda kabla sijamaliza. Kwa hiyo naandika. Dereva mmoja rafiki wa Mwakio anateremka Mombasa, ataiacha barua kwa shangazi pale Voi.

Mama, ninaogopa. Kuna mtoto amelazwa hospitalini kwa sababu ya uji niliopika mimi.

Unajua nilipata kazi kwenye kituo cha kulea watoto cha Madam Robai, hapa nyuma ya soko. Watoto ni kumi na wanne, wote chini ya miaka minne. Mama zao ni wale wanaovuka ng'ambo kila asubuhi kuleta vitunguu na mayai kutoka Uganda. Nilipofika walikuwa wanapewa uji mweupe wa mahindi na sukari nyingi, asubuhi na saa kumi, basi. Wanashiba, wanalala. Lakini nywele za wengine zilikuwa nyekundu nyekundu, na kuna msichana mmoja wa miaka miwili, Amoit, ambaye ukimbeba ni kama umebeba nguo zake tu.

Mama wa afya wa mtaa alikuja na ule utepe wa kupima mkono. Wa Amoit ulisimama kwenye rangi ya njano. Akasema uji mtupu hautoshi, tuwape samaki, karanga, mboga za majani, yai likipatikana. Madam Robai akaguna. Mimi nikasema, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwamba najua unga wa kuwafaa: ule wako wa wimbi, karanga na dagaa, uliotulea sisi watano. Siku hiyo nilijiona mtu.

Huku dagaa wanaitwa omena. Jumamosi nilienda kwa mama mmoja anayeuza omena za kutoka Osieko kule ziwani, nikamwambia nataka omena ya kusaga. Kwangu mimi maana yake ni dagaa nitakaopeleka mashineni wasagwe. Akaniuliza, "Ziko ngapi?"

Sasa Mama, Kiswahili cha huku sio kama chetu. Hawahangaiki na ngeli. Watoto ni "hizi watoto", wageni ni "hizi wageni", kila kitu ni hizi. Nimekicheka tangu nije, na siku hizi nakiiga ili wasinione mtu wa kuja. Nikamjibu, "Ziko kumi na nne."

"Kubwa ama ndogo?"

"Ndogo. Zingine zimekataa kukua."

"Zipee hii," akasema akipima, "wiki mbili utaniambia."

Nikaipeleka mashineni pamoja na wimbi na karanga, na Jumatatu nikapika. Nilionja, Mama, na nikasikia mchanga kwenye meno na harufu fulani isiyonipendeza. Nikajiambia ni mawe ya mashine. Watoto walikunywa wakaomba tena. Hata Amoit, ambaye kila siku hugeuza uso, alimaliza kikombe. Nilimwita Madam Robai aje aone.

Jumanne mchana watatu walianza kuhara. Wawili walitulia kwa maji ya chumvi na sukari. Amoit hakutulia. Kufika jioni alikuwa anatapika maji matupu na macho yameingia ndani. Mama yake alimfunga mgongoni, akapanda bodaboda wakaenda hospitali. Madam Robai alinivuta jikoni. "Wakikuuliza, ni maji," akasema. "Ama alikula kitu kwao. Unanisikia? Wewe ni mtu wa kuja. Watakumaliza wewe kwanza, halafu wanifungie hii mahali."

Jana nilirudi kwa yule muuzaji na unga uliobaki. Nilitaka aniambie tu kwamba nimekosea kupika. Akanusa, akaniangalia.

"Madam, si hii ni ya kuku?"

Akaendelea, "Si nilikuuliza ziko ngapi? Ukasema kumi na nne, ndogo."

Mama, huku "omena ya kusaga" ni chakula cha kuku. Ni ile inayofagiliwa mchangani baada ya nzuri kuondolewa. Ya watu inaitwa omena tu, na kila mtu hapa anajua isipokuwa mimi. Nilipomwambia nimewapa watoto, alikaa juu ya gunia akashika kichwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba wengine huinyunyizia dawa ya nzi, na hajui kama hii ilinyunyiziwa.

Kusema ukweli, nilifikiria kutoroka, nipande basi nije kwako nijifungie chumbani. Toka jana sijaonja kitu. Kila pikipiki ikisimama nje nadhani wamenifuata. Daktari anamtibu Amoit akidhani ni maji machafu, na ni mimi tu ninayejua kwamba anaweza kuwa na sumu tumboni.

Naacha hapa. Namsikia Mwakio anakuja kula, na hajui lolote.

Ijumaa

Mama, tulienda. Nilipoandika lile neno sumu sikuweza kukaa tena. Nilimwambia Mwakio yote. Alirudisha sahani, akavaa shati lake. Nilibeba ule unga kwenye mfuko.

Nilisema mbele ya daktari na mbele ya Mama Amoit, tangu sokoni mpaka kikombe. Nilisema hata kuhusu mchanga niliousikia kwenye meno. Daktari alimmulika Amoit macho, akamsikiliza kifua, akauliza kama anatoka jasho na mate mengi. Akasema haoni dalili za dawa ya wadudu, inaonekana ni uchafu wa samaki, lakini watamchunga. Kisha akaniambia, "Ungekuja jana. Mtoto aliyekonda hivi hana akiba." Hayo maneno hayanitoki masikioni.

Mama Amoit hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliniuliza tu, "Ulisema mtoto wangu ni kuku?" Nikaanza kueleza mambo ya ziko na wako, akageukia ukuta.

Leo asubuhi kina mama wote walikuja kituoni na hawakuvuka. Madam Robai alijibanza mlangoni. Mmoja alisema niitiwe polisi, mwingine akasema nirudi kwetu. Nilificha mikono ndani ya leso. Ndipo Mama Amoit akafika kutoka hospitali kuchukua nguo za kubadilisha. Akasikiliza, akasema, "Apike. Ni yeye anajua yenye alikosea. Lakini omena tutanunua sisi. Na kila asubuhi akunywe kwanza, kikombe mzima, tukimwangalia. Akimaliza ndio tunavuka."

Hakuna aliyempinga. Nilimuuliza mtoto anaendeleaje. Akasema amekunywa maji vijiko viwili na hakutapika. Akaenda zake bila kuniaga.

Sasa Mama, nisaidie. Nakukumbuka ukikaa na ungo mapajani, ukichagua dagaa mmoja mmoja, na mimi nikikimbilia mtoni kuikwepa hiyo kazi. Ulikuwa unatoa nini? Ni mchanga tu, au uliangalia rangi, au macho, au ulinusa? Uliwaosha kabla ya kuwakaanga au baada? Niandikie kila kitu, hata kile unachodhani najua. Unga ulikuwa wako na mimi nilichukua jina lake tu.

Baba usimwambie bado, nitamwambia mwenyewe. Nisalimie dada mkubwa na wanafunzi wake wa chekechea, na kaka wa mashine ya maji asisahau kukupaka goti. Jirani yetu wa mlango wa bluu mwambie asante kwa maharagwe. Shangazi wa Voi, najua umeshaifungua barua hii ukaisoma yote. Basi niombee na wewe.

Jumatatu nitasimama na kikombe mbele ya kina mama, na watoto kumi na watatu wakisubiri. Ombeni mikono isitetemeke. Kikombe cha Amoit nimekiosha nikakiweka pamoja na vingine. Mtu akiniuliza tena ziko ngapi, nitamjibu kama ulivyonifundisha nyumbani: wako kumi na wanne.

Ni mimi mwanao ninayeogopa,
Wakesho